Gitaa la Mti Mzima kwa Fedha ya Kadiri



Walimu wawili wa shule za vijijini wameniuliza neno moja, nami nimeona yafaa niwajibu hapa ili na wengine wapate faida. Neno lenyewe ni hili: mtu asiye na fedha nyingi, naye ataka kununua gitaa jema la nyumbani au la kwaya, achague lipi? Tena, je, ni kweli ya kuwa gitaa la mti mzima ni bora kuliko lile la mbao zilizobandikwa, au hayo ni maneno ya wauzaji tu?

Nitajibu kwa yale niliyojifunza, na sehemu yake kubwa nilijifunza kwa hasara. Kwa hiyo nitaanza na hasara hiyo, kwa maana aonaye shimo aliloanguka mwenzake hupita kando.

FEDHA YA MAHINDI

Kwaya yetu ilikuwa ikiimba kwa ngoma na kayamba tu. Mwaka mmoja akina mama waliazimu kulima shamba la mahindi nyuma ya shule, ili mazao yake yanunue gitaa. Wakalima, wakapalilia, wakavuna, wakauza, na fedha yote wakanikabidhi mimi. Walisema, "Mwalimu amesoma, yeye hatadanganywa."

Nikapanda basi nikaenda mjini. Katika duka moja nikaona gitaa jekundu, lenye kung'aa hata nikaona sura yangu ndani yake. Nikamwuliza mwenye duka, "Je, hili ni la mti mzima?" Akajibu, "Mti mtupu, bwana mwalimu." Basi sikuchungulia ndani, wala sikulipima, wala sikumwita mtu ajuaye. Nikalipa, nikarudi nyumbani nikiona fahari. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini siku ile kibaya kilikuwa kimepakwa rangi nzuri, kikajiuza chenyewe.

Gitaa hilo lilikuwa na nyuzi za nailoni, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikufika nyuma ya kanisa. Vijana wakaniomba tulitie nyuzi za chuma ili lisikike. Nikakubali, nikazinunua, nikazifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Majuma matatu yakapita, nasi tukafurahi. Katika juma la nne, usiku wa manane, tukasikia nyumbani mwangu mlio mkubwa kama wa tawi lililovunjika. Asubuhi tukalikuta daraja la gitaa limeng'oka, nalo limechukua kipande cha uso wa gitaa pamoja nalo.

Nikalipeleka kwa seremala wa kijiji chetu. Akatazama ukingo wa pale palipovunjika, kisha akaniita, "Mwalimu, njoo uhesabu." Nikahesabu tabaka tatu nyembamba, kila moja imegandishwa juu ya mwenziwe, na ile ya katikati nyuzi zake za mti zimekingama. Akasema, "Huu si ubao mmoja, ni tatu zilizotiwa gundi. Mwenye duka alikuambia uongo. Lakini usimlaumu yeye peke yake, maana hata ubao mmoja ulio mwema ungeng'oka kwa nyuzi hizi ulizozifunga."

Jumapili iliyofuata mama mmoja mzee, ambaye alipalilia shamba lile tangu mwanzo hata mwisho, akaniuliza mbele ya wenzake, pasipo hasira, "Mwalimu, mahindi yetu yamekuwa kuni?" Sikuwa na neno la kumjibu.

Tangu siku hiyo nalianza kuwauliza mafundi na wapigaji, na kusoma, na kushika magitaa ya watu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

MTI MZIMA NI NINI

Gitaa lina sanduku, shingo na kichwa. Sanduku lina uso mbele, mgongo nyuma, na mbavu ubavuni. Uso huo una tundu, na chini ya tundu kuna daraja linaloshika nyuzi. Ndani ya sanduku, chini ya uso, kuna vipande vyembamba vya mti vilivyobandikwa ili kuupa nguvu, mfano wa mataruma ya jahazi. Nami nitaviita mataruma.

Uso wa gitaa ni mwembamba sana. Kwa kawaida unene wake ni kama milimita 2 na nusu hata 3. Ukiwa ni wa mti mzima, maana yake ni kwamba umepasuliwa katika gogo kama ubao wa kweli, kwa kawaida vipande viwili vilivyounganishwa katikati, navyo ni mti ule ule toka juu hata chini. Ukiwa si wa mti mzima, basi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, yaani plaiwudi. Tabaka ya juu yaweza kuwa ya mti mzuri sana, na zile za chini za mti wowote.

Kwa hiyo madukani kuna magitaa ya namna tatu. Kwanza, yale ambayo yote ni plaiwudi: uso, mgongo na mbavu. Pili, yale ambayo uso ni mti mzima, lakini mgongo na mbavu ni plaiwudi. Tatu, yale ambayo yote ni mti mzima. Namna ya kwanza ni rahisi kwa bei, ya tatu ni ghali, na ya pili iko katikati. Msomaji ashike sana hiyo ya pili, maana nitairudia.

Wala tusiidharau plaiwudi pasipo haki. Plaiwudi haipasuki upesi, haijali sana ukame wala masika, nayo yavumilia mikono ya watoto. Kwa mtoto anayeanza, au kwa gitaa litakalochukuliwa juu ya baiskeli kila juma, yafaa. Lakini ule ubao mmoja ni mwepesi zaidi na hutikisika kwa uhuru zaidi, na kwa hiyo sauti yake huwa pana na hukaa zaidi hewani. Tena wapigaji wengi hushuhudia ya kuwa sauti ya uso wa mti mzima huzidi kufunguka kadiri upigwavyo miaka mingi.

KWA NINI USO NDIO MKUBWA

Labda mtu atauliza, "Ikiwa fedha yangu haitoshi kununua mti mzima wote, nitajuaje ni sehemu gani niitangulize?" Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani na fundi mmoja wa Hispania, jina lake Antonio de Torres, mtu wa Almería, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufa mwaka 1892. Yeye ndiye aliyelipa gitaa la kihispania umbo lake tunalolijua leo. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo uso wake ulikuwa wa mti mwema, bali mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyogandishwa. Alitaka kuonyesha ya kuwa sauti hutoka hasa katika uso. Gitaa hilo la karatasi limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Sisemi ya kwamba mgongo hauna kazi. Mgongo na mbavu hutia rangi katika sauti, kama vile sufuria na chungu hutofautisha ladha ya mchuzi ule ule. Lakini mchuzi wenyewe ni uso. Kwa hiyo mwenye fedha ya kadiri atangulize uso wa mti mzima, na mgongo uwe wa plaiwudi, wala asione haya.

HABARI ZA MITI

Mti unaotumiwa sana kwa uso ni sprusi, mti wa nchi za baridi. Aina yake moja iitwayo Sitka huota katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, toka Alaska kushuka kusini. Mti huu ni mwepesi, lakini ni mgumu kupindika kwa urefu wake, na mambo hayo mawili pamoja ndiyo yanayotakiwa. Rangi yake ni nyeupe ya kimanjano, na mistari yake imenyooka kama mistari ya daftari.

Mti wa pili mafundi huuita mwerezi mwekundu, nao huota upande huo huo wa Amerika. Msomaji wa Maandiko asidhani kwamba ndio mwerezi wa Lebanoni, maana ni miti miwili mbalimbali na jina tu ndilo limelingana. Uso wa mwerezi huo ni wa rangi ya udongo, sauti yake ni laini, nao huitika upesi hata kwa vidole vipolevipole. Lakini ni mti mwororo, hukwaruzika kwa kucha.

Kwa mgongo na mbavu hutumika mahogani na jamii zake. Katika jamii hiyo umo mkangazi wetu wa Afrika. Hutumika pia miti ya jamii ya mpingo, ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani huipenda mno. Mpingo wenyewe, uotao kusini mwa Tanzania na katika nchi jirani, ni mti mashuhuri duniani kwa klarineti na obo. Mwaka 2017 mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini yaliweka jamii yote hiyo ya miti chini ya ulinzi, na vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikahitaji hati za kuvukia mipaka. Mwaka 2019 sharti hilo lililegezwa kwa vyombo vilivyokamilika. Katika miaka ile viwanda vingi vilizoea kutumia miti mingine, na magitaa mema yaliendelea kutoka. Basi mnunuzi asikubali kulipa zaidi kwa sababu tu ameambiwa ya kuwa mgongo ni wa mti wa fahari.

NYUZI ZA CHUMA NA NYUZI ZA NAILONI

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nawasihi msome polepole.

Kuna magitaa ya ukoo mbili. Ukoo wa kwanza ni lile la kihispania, ambalo nyuzi zake ni za nailoni na shingo yake ni pana, kama milimita 52 pale kichwani. Ukoo wa pili ni la nyuzi za chuma, ambalo shingo yake ni nyembamba, kama milimita 43 au 44. Nyuzi sita za chuma, hata zile ziitwazo nyepesi, huvuta daraja kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, sawasawa na mtu mzima aliyening'inia pale mchana na usiku. Nyuzi za nailoni huvuta karibu nusu ya hiyo. Fundi akijenga gitaa kwa ajili ya nailoni, huufanya uso na mataruma kuwa mepesi ili yatikisike kwa nguvu hiyo ndogo. Ukilifunga chuma, umelitwika mzigo wa punda juu ya mbuzi. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Gitaa la chuma lina habari yake. Christian Frederick Martin, mwana wa Markneukirchen katika Ujerumani, alihamia New York mwaka 1833, na baada ya miaka michache akahamia Nazareth katika Pennsylvania, mji uliojengwa na ndugu wa Kanisa la Moravian. Wasomaji wa Rungwe watafurahi kusikia hayo, kwa maana wamisionari wa Kanisa hilo hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Katika karakana ya Martin mataruma yalipangwa kwa mfano wa herufi X chini ya uso, na mpango huo baadaye ulionekana kuwa na nguvu ya kustahimili chuma. Mwaka 1922 wakaanza kutoa gitaa lililokusudiwa kabisa kwa nyuzi za chuma. Hata leo magitaa mengi ya chuma duniani hufuata herufi ile.

Basi kabla ya kutoka nyumbani, jiulize: nataka la nini? Kwa mtoto, na kwa mtu apigaye peke yake nyumbani, nailoni haiumizi vidole. Kwa kwaya yenye watu wengi, chuma husikika zaidi. Ukikwisha kununua la nailoni, libaki la nailoni siku zote.

NAMNA YA KULIPIMA DUKANI

Nenda mchana, katika nuru, tena nenda na mtu wa pili, maana anayepiga hasikii kama asikiavyo aliyekaa mbele.

Kwanza, tazama ukingo wa tundu. Ikiwa ni mti mzima, utaona mistari ya uso ikishuka katika unene wa ubao, kama mistari ya mkate uliokatwa. Ikiwa ni plaiwudi, utaona tabaka zilizolaliana, mara nyingi rangi mbalimbali. Ikiwa ukingo umepakwa rangi nyeusi au umefunikwa, chukua kioo kidogo na tochi, utazame kwa ndani.

Pili, soma karatasi iliyomo ndani ya sanduku na maandiko ya kiwanda. Viwanda huandika neno la Kiingereza "solid" kwa mti mzima. Likitajwa jina la mti tu, pasipo neno hilo, yaelekea ni plaiwudi yenye tabaka ya juu ya mti huo. Na likiandikwa juu ya uso tu, usidhani kwamba lahusu na mgongo.

Tatu, lishike gitaa kama bunduki, utazame shingo toka kichwani kuelekea daraja. Isijisokote. Kisha bonyeza uzi mmoja katika freti ya kwanza na katika ile ambapo shingo yakutana na sanduku. (Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukingama shingo.) Katikati pabaki upenyo mdogo sana, kama unene wa karatasi ngumu. Pakiwa na upenyo mkubwa, shingo imepinda. Magitaa mengi ya chuma yana ufito wa chuma ndani ya shingo, nao hukazwa ili kuinyosha. Uliza kama upo na kama wazunguka.

Nne, pima kimo cha nyuzi katika freti ya 12. Katika gitaa la chuma, milimita 2 hata 2 na nusu chafaa. Katika la nailoni, 3 hata 4. Nyuzi zikiwa juu kuliko hapo, vidole vitaumia na mwanafunzi atakata tamaa, naye atadhani hana kipaji, kumbe kosa ni la gitaa.

Tano, jaribu kupenyeza karatasi nyembamba chini ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Tazama na uso nyuma ya daraja: kuvimba kidogo ni desturi, kuvimba kama kilima ni ugonjwa.

Sita, piga kila uzi katika kila freti, moja moja, pasipo haraka. Sikiliza kama kuna mlio wa nyuki. Kisha gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, upate sauti ya kengele. Halafu bonyeza pale pale upige tena. Sauti hizo mbili zilingane. Zikitofautiana sana kwa nyuzi mpya, gitaa hilo halitaimba pamoja na kinanda wala na watu.

Saba, gonga mgongo na uso kwa kifundo cha kidole, polepole, kila mahali. Pakilia kama debe bovu, huenda taruma limeachia ndani.

Nane, mpe mwenzako alipige, nawe ukae mbali hatua kumi. Hapo tu ndipo utakapolisikia gitaa lenyewe.

JUU YA FEDHA

Usiimalize fedha yote kwa gitaa. Weka kando sehemu moja katika tano kwa ajili ya sanduku lake, nyuzi za akiba, na kazi ya fundi ya kushusha kimo cha nyuzi. Gitaa la bei ndogo lililorekebishwa vema hushinda la bei kubwa lililoachwa hivi hivi.

Uache mapambo. Maua ya kome shingoni, mitambo ya umeme ubavuni, rangi ya kung'aa, hayo yote yana bei yake, nayo hukatwa katika mti. Magitaa mawili yakiwa na bei moja, moja lina mapambo na la pili halina, mara nyingi lisilo na mapambo ndilo lenye mti bora.

Kwa mfano, kiwanda cha Yamaha cha Japani, ambacho mwanzo wake ni Torakusu Yamaha kutengeneza kinanda kilichoharibika cha shule moja ya Hamamatsu mwaka 1887, kilianza jamii ya magitaa yake iitwayo FG mwaka 1966. Katika jamii hiyo lile liitwalo FG800 lina uso wa sprusi ya mti mzima na mgongo wa plaiwudi, wala halina mapambo mengi. Limepata sifa kwa sababu bei yake ni ya chini kuliko magitaa mengi ya uso wa namna hiyo. Silitaji ili mnunue hilo tu, bali mpate kipimo: lo lote mtakaloonyeshwa, liulizeni kama lazidi hilo kwa mti au kwa rangi tu.

Tena msidharau gitaa lililokwisha kutumika. La mti mzima lililotumika na kutunzwa laweza kupatikana kwa bei ya plaiwudi jipya. Mikwaruzo si kitu. Ufa uliozibwa vema kwa gundi na kuimarishwa kwa ndani si kitu. Lakini shingo iliyoinama mbele hata nyuzi zikapanda juu sana ni jambo zito, na kuitengeneza ni ghali, liacheni hilo.

Wala msisahau kwamba mikono ni zaidi ya mti. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa nyimbo za kijana wa Katanga, Jean Bosco Mwenda, aliyekuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na nyimbo hizo za Kiswahili zikasikika mbali kupita mipaka ya Kongo. Sifa zilikuwa za kijana, wala hakuna aliyeuliza kwanza habari za mbao zake.

KULITUNZA

Mti mzima hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ukinywa, huvimba, ukitoa, husinyaa, tena husinyaa kwa upana wake, na hapo ndipo upasukapo. Mafundi husema ya kuwa hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hata 55 ndiyo iufaayo. Pwani, kama Tanga na Mombasa, hewa ina unyevu mwingi kuliko huo; bara, kama Dodoma wakati wa kiangazi, ina upungufu. Kwa hiyo gitaa likae katika sanduku lake lililofungwa. Wakati wa kiangazi, chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, utie sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa hata isidondoke, ukiweke ndani pamoja na gitaa, na kulowesha tena kila ikaukapo. Wakati wa masika, kiondoe.

Usilitundike ukutani karibu na jiko, wala chini ya bati lenye joto. Usiliache ndani ya motokaa iliyofungwa juani hata kwa saa moja, maana joto hilo huweza kulegeza gundi ya daraja. Ukikwisha kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Na ukibadili nyuzi, nunua za unene ule ule.

MWISHO WA HABARI YETU

Baada ya aibu yangu niliuza mbuzi wangu wawili, nikaitoa fedha hiyo ili iwe mwanzo. Akina mama wakalima tena. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilikwenda na seremala, naye alichukua kioo na tochi. Tukaingia maduka manne. Katika mawili tulionyeshwa magitaa yenye maua na umeme. Seremala akachungulia tunduni, akayarudisha kwa adabu. Jioni tukasikia habari za mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, naye anauza gitaa lake. Tukamwendea. Lilikuwa la rangi ya mti tu, limekwaruzika, na usoni lilikuwa na ufa mmoja uliozibwa. Seremala akatazama ukingo wa tundu, akanionyesha mistari inayoshuka. Akapenyeza karatasi chini ya daraja, haikuingia. Mimi nikapiga, yeye akatoka hata mlangoni. Aliporudi akasema neno moja, "Hili."

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Ufa haujafunguka. Apigaye sasa ni mjukuu wa yule mama mzee, binti wa miaka kumi na minne, naye ndiye alowesha sifongo wakati wa kiangazi pasipo kukumbushwa. Lile jekundu bado liko kwa seremala, limetundikwa ukutani bila nyuzi. Kila mtu ajaye kumwuliza habari za kununua gitaa, humpa kwanza hilo mkononi na kumwambia ahesabu tabaka.

Nanyi walimu mlioniuliza, msiende peke yenu, msilipe siku ya kwanza, na msikubali neno la muuzaji kabla ya kutazama ukingo wa tundu. Fedha ya kwaya ni jasho la watu.

Nawaaga kwa salaam.